Sindano ya Nyumbani na Sheria ya Mshahara

Shikeni karatasi zenu, na asomaye polepole afuate kwa kidole.

Leo twazungumza juu ya sindano. Wengi wenu mmepata kuona kofia ya mkono ikishonwa barazani. Kazi ile huchukua wiki nyingi, lakini ukimwuliza mshonaji, "Umefanya saa ngapi?" hajui. Huishika sindano mchele ukichemka, huiweka chini mtoto akilia. Jambo hilo hilo liliisumbua sana serikali ya Marekani.

Mwaka 1938 nchi ile ilitunga sheria ya mishahara. Mtu afanyaye bidhaa za kuuzwa kutoka jimbo moja hadi jingine asilipwe chini ya senti 25 za kwao kwa saa. Kiwandani hilo lilikuwa jepesi: kuna saa ukutani, na mkaguzi aweza kuingia akahesabu watu. Lakini wadarizi wengi walifanya kazi kwao. Mwenye biashara aliwapelekea kitambaa na uzi, akawalipa kwa kipande.

Tupige hesabu. Tuseme kipande kimoja hulipwa senti 20, na mama amekidarizi kwa saa 2. Amepata senti ngapi kwa saa? Andika jibu kwanza. Ni senti 10. Na ikiwa binti yake wa miaka 9 alikaa kando akimsaidia, basi hizo senti 10 ni za watu wawili, tena jina la mtoto halimo katika daftari lo lote.

Serikali ilitaka kila mdarizi wa nyumbani awe na kitabu cha kuandikia saa zake. Kitabu ni kitu chema, ninyi mnajua. Lakini aliyetaka kupewa kitambaa tena kesho aliweza kuandika saa zile ambazo tajiri angependa kuziona. Nani angemsuta?

Basi, wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliamuru wadarizi walipwe senti 40 kwa saa, ikakataza kazi hiyo isipelekwe majumbani. Walioachiwa ni wale wenye cheti maalum: wazee, walemavu, na wanaomwuguza mtu nyumbani. Wenye biashara walishtaki. Februari 1945 Mahakama Kuu ya nchi ikasema amri ni halali, kwa kuwa mshahara ule usingeweza kulindwa kama kazi ingeendelea kufanywa majumbani.

Mimi naona mahakama ilisema kweli. Hata hivyo, mama mwenye watoto wadogo, asiye na mgonjwa wala ulemavu, hakupata cheti. Kwake yeye sheria ya kumlinda ilimwondolea sindano mkononi.

Mwaka 1988 serikali ilitangaza kuiondoa marufuku ya udarizi. Sasa mwenye biashara aweza kupeleka kazi nyumbani akiwa na cheti, na saa lazima ziandikwe. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 177, usemao mfanyakazi wa nyumbani atendewe sawa na wenziwe katika malipo. Ni nchi chache tu zilizouridhia.

Kazi ya wiki hii: mtafute mtu ashonaye au adariziye kwa kulipwa. Andikeni pamoja saa zake za siku 3, pamoja na saa za anayemsaidia. Gawanyeni malipo kwa saa hizo, mje na jibu darasani.