Propela Mbili za Namba Moja

Nunua propela mbili za X442 siku moja, duka moja, kisha uzifunge kwa zamu kwenye boti ileile ya mashindano. Usishangae ya kwanza ikiirusha boti ilivyokusudiwa na ya pili ikiitetemesha hadi nati zilegee. Namba ni ileile, madini ni yaleyale. Tofauti imo katika sehemu za kumi za milimita, na hizo hazionekani ukiwa umesimama kaunta.

Namba yenyewe si fumbo. Propela za kampuni ya Octura ya Marekani zimetamba kwa miongo mingi katika mbio za boti ndogo za rimoti. Tarakimu mbili za mwisho katika jina la propela ni kipenyo kwa milimita. Ile 4 inayozitangulia inaeleza kwamba hatua ni mara 1.4 ya kipenyo. Hatua ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja laiti maji yasingeteleza. X442, basi, ina kipenyo cha milimita 42 na hatua ya milimita 58.8. Mota ikiizungusha mara 30,000 kwa dakika, hesabu inatoa kama kilomita 106 kwa saa. Maji huteleza, hivyo boti hupata pungufu ya hapo. Tena hiyo ni hesabu ya propela kamili, wakati iliyotoka kwenye kalibu huja na kingo nene, mgongo wenye makwaruzo, na mabawa mawili ambayo mara nyingi hayapatani.

Boti zilizo kali zaidi zina kiwiliwili chembamba na vielea viwili vilivyoshikwa pembeni kwa fito. Mwenye kuijua ngalawa atazitambua mara moja, ingawa hapa matengo yamesogezwa mbele. Zikishika kasi huwa karibu zinaruka, na propela huzama nusu tu. Kila bawa huingia majini na kurudi hewani mara 500 kwa sekunde, na kila linapoingia huburuta hewa mgongoni mwake.

Hewa hiyo ni ya makusudi. Mwingereza Charles Parsons alikumbana na tatizo ambalo hewa hiyo hulikwepa mwaka 1894, alipoijaribu meli yake Turbinia iliyoendeshwa kwa tabo ya mvuke. Injini ilikuwa na nguvu tele, lakini meli ilikataa kufika hata noti 20. Propela iliyozama yote ilizunguka kwa kasi mno, kanieneo ya maji mgongoni mwa bawa ikashuka, yakachemka bila moto na kuacha mapovu ya mvuke pale palipotakiwa maji ya kusukumwa. Mwaka 1895 Parsons alitengeneza mfereji mdogo wa shaba uliofungwa pande zote, akaipunguza hewa kwa pampu ili mapovu yatokee mapema, akayatazama. Propela aliyoizungusha humo ilikuwa ya inchi 2, yaani kama milimita 50: saizi ambayo leo ungeikuta ndani ya kisanduku cha mwanamichezo wa boti za rimoti. Dawa aliyoipata ni kugawa kazi: shafti tatu, propela tatu kwa kila shafti. Mwaka 1897 Turbinia ilipita mbele ya manowari za Malkia Victoria huko Spithead kwa noti 34 hivi. Boti ndogo za mbio zinapita njia ya mkato: zinaacha hewa ijaze ile nafasi, na uso wa bawa, ule unaosukuma maji, ndio unaobeba kazi yote.

Kwa sababu hiyo kipimo cha maana huchukuliwa kwenye uso. Chora duara kwenye karatasi, uligawe kwa mistari ya nyuzi 30, ulibandike juu ya kioo au bamba lililonyooka. Simamisha msumari katikati, vika propela, uso ukitazama juu. Chagua nusu-kipenyo kimoja, tuseme milimita 14, upime kwa kalipa kimo cha uso kutoka kwenye bamba katika mstari mmoja, kisha katika mstari unaofuata. Nyuzi 30 ni sehemu ya 12 ya duara, kwa hiyo tofauti ya vimo ukiizidisha kwa 12 unapata hatua. Ikiwa milimita 4.9, hatua ni 58.8. Fanya hivyo karibu na kitovu, katikati na karibu na ncha, kisha bawa la pili palepale.

Wengi huhangaika kuifikia 58.8. Naona ni kuhangaikia namba isiyoamua mashindano. Mabawa yote mawili yakiwa na 57, boti itakwenda vizuri. Moja likiwa 57 na jingine 60, kila mzunguko utaipiga shafti upande mmoja. Bawa lililokosea hukunjwa taratibu kwa koleo lililofungwa kitambaa, kisha hupimwa tena.

Halafu uzito. Sehemu ya kumi ya gramu ikizidi upande mmoja, milimita 10 kutoka katikati, kwa mizunguko 30,000 huvuta shafti kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo moja, na mvuto huo huzunguka nayo mara 500 kila sekunde. Pitisha pini iliyonyooka kwenye tundu la propela, uilaze juu ya nyembe mbili zilizo sawa. Bawa zito litashuka. Punguza kwa msasa mgongoni mwake, upande unaoelekea omo. Uso usiguswe, maana ukiukwangua umeharibu hatua uliyoitafuta.

Kabla ya msasa, ujue unashika nini. Propela nyingi za aina hii ni za shaba iliyochanganywa na berili kiasi cha asilimia 2, ndiyo maana ni ngumu na bado zinapinda bila kukatika. Vumbi lake likivutwa huweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona, wakati mwingine baada ya miaka. Sugua ndani ya beseni la maji, vaa glavu na barakoa inayozuia vumbi laini, futa tope kabla halijakauka. Jikoni si mahali pake.

Mota ikipata moto kupita kiasi, wengi hununua kubwa zaidi. Tupa ya kupunguza kipenyo cha propela ingewagharimu kidogo. Kwa propela za umbo moja, kwa mizunguko ileile, nguvu inayohitajika hupanda kwa kipenyo kilichozidishwa chenyewe mara tano: kutoka milimita 42 hadi 40 unaokoa zaidi ya asilimia 20. Ukikata ncha tu hesabu haitakuwa kamili hivyo, lakini mota itapata nafuu. Sawazisha tena baada ya kukata.

Baada ya mbio, suuza chumvi kwa maji baridi, kausha, na uiweke kila propela kwenye kitundu chake ndani ya sifongo ili kingo zisigongane. Pitisha kioo cha kukuzia kwenye shina la bawa, pale linapoungana na kitovu. Ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, usichomelee wala usiiache kama akiba: propela hiyo imekwisha, na bawa linalong'oka kwa kasi hiyo halichagui linakokwenda.