Bandeleti ya sukari inafanya kazi namna gani?

Mama, siku ya kliniki mwuguzi anakutoboa kidole, anagusisha tone la damu kwenye kile kipande kidogo tunachokiita bandeleti, na kisha sekunde chache chombo kinaonyesha namba. Namba ile inatoka wapi? Ukifahamu, utajua pia kwa nini inaweza kutudanganya.

Mfanyakazi mdogo

Ndani ya bandeleti mna enzimu kavu. Enzimu ni kama mfanyakazi mdogo sana, asiyeonekana kwa macho. Damu ikiilowesha, inaanza kazi: inakamata sukari na kuitoa chembe mbili za umeme, ndizo elektroni. Elektroni zikifika kwenye kaboni, chombo kinapima umeme wake. Sukari nyingi, umeme mwingi, namba kubwa.

Lakini kuna shida. Elektroni zinatokea katikati ya enzimu, sawasawa na kokwa ndani ya embe, nazo haziwezi kuruka mbali. Kwa hiyo katika bandeleti wanachanganya dawa inayozibeba mpaka kwenye kaboni, kama mchukuzi wa mizigo. Na kaboni yenyewe nayo inasaidia.

Tazama makaa ya jikoni

Mwanga maji juu ya sahani: yanateleza. Mwanga juu ya kaa: yanaingia, juu kaa lina vitundu. Kaboni yenye vitundu inapokea enzimu vilevile. Enzimu inakaa ndani, kuta zinaizunguka, na elektroni inakuta ukuta karibu. Tena kuta ni nyingi, wafanyakazi wengi wanapata pahali.

Ila tundu lina kipimo chake. Ukigawanya milimeta moja mara milioni, enzimu hii ina upana wa sehemu 7 hivi tu. Tundu likiwa dogo kuliko hapo, haiingii. Likiwa kubwa mno, inakaa tena mbali na ukuta. Likiwa refu sana, sukari inachelewa kufika ndani.

Wewe ufanye nini?

Sukari ikizidi wakati wa mimba, mtoto anaweza kunenepa kupita kiasi na kuzaa kukawa kugumu. Namba ya uongo inaweza kutuficha hatari hiyo. Basi:

1. Nawa mikono kwa sabuni, suuza, kausha vizuri. Maji ya embe kwenye kidole yanapandisha namba bure.
2. Kama unapima nyumbani, funga kopo la bandeleti mara moja. Unyevu na joto vinaharibu enzimu. Usiliweke karibu na moto.
3. Angalia tarehe. Ikipita, usitumie.
4. Namba ikikushangaza, nawa, pima tena kwa bandeleti mpya. Ikibaki vile, njoo upesi. Usibadili dawa wewe mwenyewe.

Na ukiona kopo la kliniki limeachwa wazi, mama, utuambie. Hatutakasirika.