UDONGO WA ADAM NA MIFUPA YA KALE

Je, ni lazima dini na elimu zigombane?

Mtoto wa Kiislamu wa Pwani hulelewa na walimu wawili. Asubuhi yuko skuli, alasiri yuko chuoni. Mwalimu wa chuo humfundisha kwamba Mwenyezi Mungu alimuumba Nabii Adam kwa udongo, akampulizia roho, kisha Malaika wakaamrishwa wamsujudie. Mwalimu wa skuli naye, mtoto afikapo kidato cha nne, ambako ndiko mtaala wa 8-4-4 ulikoliweka somo la mageuko ya viumbe, humwambia kwamba viumbe vyote vilivyo hai vina asili moja, na kwamba mwanadamu naye yumo katika hesabu hiyo.

Mtoto hukaa kimya. Katika karatasi ya mtihani huandika aliyofundishwa skuli, na nyumbani husema aliyofundishwa chuoni. Hatari haiko katika jibu analoandika. Hatari ni kule kuzoea kuwa na nyoyo mbili, mmoja wa kalamu na mmoja wa mswala. Kijana wa namna hiyo akisonga mbele katika masomo, huenda siku moja akaona hana budi kuutupa mmoja. Ama ataacha sala kwa kudhani kwamba elimu imewashinda wazee wake hoja, ama ataichukia elimu kwa kudhani kwamba ni mtego wa makafiri. Yote mawili ni hasara, na yote mawili yaweza kuepukika.

Jambo lenyewe si la nchi za mbali. Limefukuliwa hapa hapa kwetu. Katika Kaunti ya Kilifi, kwenye vilima vya Dzitsoni, kiasi cha kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango liitwalo Panga ya Saidi, yaani pango la Saidi. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Ulaya walianza kuchimba hapo mwaka 2010. Mwaka 2013 walikuta vipande vya mfupa, na mwaka 2017 wakalifikia shimo lenyewe, kama mita tatu chini ya sakafu ya pango. Mlikuwa na mifupa ya mtoto mdogo wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, nayo ilikuwa dhaifu hata ikabidi kuliziba donge zima la udongo kwa plasta kabla ya kulisafirisha. Matokeo yalitangazwa Mei 2021. Kaburi hilo lina umri wa miaka 78,000 hivi, nalo ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa namna yetu lililopata kujulikana katika Afrika. Wataalamu walimpa maiti huyo jina la Kiswahili, wakamwita Mtoto.

Yanayogusa moyo ni namna alivyozikwa. Shimo lilichimbwa kwa makusudi. Mtoto alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Jinsi mifupa ilivyokaa yaonyesha kwamba kiwiliwili chake kilikuwa kimeviringishwa kwa kitu, na kwamba kichwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu mfano wa mto, ambacho kimekwisha kuoza. Hakuna anayedai kwamba hayo yalikuwa mazishi ya Kiislamu. Lakini ni nani kati yetu, aliyewahi kumshusha mtoto kaburini, asiyeelewa kwamba waliomzika huyo walikuwa watu, na walikuwa na huzuni kama yetu?

Sasa msomaji atauliza: miaka 78,000? Je, hiyo haipingani na dini? Hapa yafaa tuwe waangalifu tusibebe mizigo isiyo yetu. Mwaka 1650 askofu mkuu mmoja wa Ireland, James Ussher, alijumlisha umri wa watu waliotajwa katika Biblia, akapata kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Hesabu hiyo iliwatesa Wakristo wengi elimu ya miamba ilipokuja. Qur'ani haikuweka hesabu ya namna hiyo. Haikutaja ni miaka mingapi imepita tangu Adam, na katika Sura ya Al-Hajj imetukumbusha kwamba siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu ya kuhesabu kwetu. Kwa hiyo umri wa mifupa peke yake haumtikisi Mwislamu.

Mzozo wa kweli uko kwenye mageuko yenyewe. Watu wengi wanayapinga wasiyoyajua, na wengine wanayatetea wasiyoyajua. Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859, na kile kilichomhusu mwanadamu mwaka 1871. Hakusema kwamba nyani tumwonaye akiiba mahindi alimzaa binadamu. Alilosema, na ambalo wataalamu wa leo wanalishikilia kwa ushahidi wa mifupa na wa chembe za urithi, ni kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, na kwamba binadamu na sokwe wana chimbuko moja la zamani sana, la miaka mamilioni kadhaa.

Namna mabadiliko hayo yanavyotendeka hatuna haja ya kuitafuta mbali. Iko katika damu yetu. Familia nyingi za Pwani zinaujua ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Mtoto anayeurithi kutoka kwa baba na mama pia huugua sana, na wengi wamefariki wakiwa wachanga. Anayeurithi upande mmoja tu huwa mzima, tena hupata kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kuchunguza jambo hili nchini mwaka 1949. Aliona kwamba chembe hiyo ni nyingi katika Pwani na kando ya Ziwa Victoria, mahali penye malaria, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akaeleza sababu: mbu amewachuja watu. Wenye kinga waliishi wakazaa, wakaacha urithi wao. Huko ndiko kuchujwa kwa viumbe alikokutaja Darwin. Hakuna sheikh anayekana kwamba mtoto hurithi damu ya wazazi wake, wala kwamba malaria huua.

Basi yatupasa kutenga mambo matatu ambayo huchanganywa katika chungu kimoja. La kwanza ni kwamba viumbe hubadilika. La pili ni asili ya mwanadamu. La tatu ni kauli ya baadhi ya watu kwamba, kwa kuwa viumbe hubadilika kwa njia inayojulikana, basi hakuna Muumba. Hili la tatu halikutoka katika chombo cha kupimia wala katika shimo la Panga ya Saidi. Ni itikadi ya mtu. Tunajua vilevile jinsi mvua inavyotokea, kuanzia mvuke wa bahari hadi wingu, na hakuna aliyeacha kumshukuru Mungu kwa mvua. Kujua njia si kumkana mwenye njia.

Wala si kweli kwamba Waislamu wamelisikia jambo hili jana. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, akaeleza jinsi wanavyowindana kwa ajili ya riziki na jinsi mazingira yanavyowaathiri. Ibn Khaldun naye, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliupanga ulimwengu kwa daraja zinazoungana: madini, mimea, wanyama, hata kufikia daraja ya nyani iliyo karibu na ya mwanadamu. Haifai kuwafanya hawa kuwa akina Darwin, kwa kuwa walikuwa na nia nyingine. Lakini inatosha kuona kwamba hawakuogopa kutazama.

Darwin alipofika katika nchi za Kiarabu, walioshtuka kwanza walikuwa wamishonari. Mwaka 1882, katika chuo cha Wamarekani huko Beirut, mwalimu Edwin Lewis alimsifu Darwin katika hotuba ya mahafali. Palizuka ghasia, naye akaondoka kazini. Miaka sita baadaye, mwaka 1888, Sheikh Hussein al-Jisr wa Tripoli ya Sham, mji ulioko Lebanon leo, alitoa kitabu chake kiitwacho Al-Risala al-Hamidiyya. Humo alisema kwamba maandiko kwa dhahiri yake yaonyesha kila aina iliumbwa peke yake, na kwamba yeye hakuona bado hoja ya kukata juu ya mageuko. Lakini akaongeza kwamba hoja ya kukata ikipatikana, maandiko yataweza kufasiriwa kwa kulingana nayo, na imani ya kwamba Mungu ndiye Muumba haitapungua.

Njia hiyo ya kufikiri haikukomea Sham. Mwanafunzi mmoja wa al-Jisr alikuwa Rashid Rida, aliyeanzisha jarida la Al-Manar mjini Cairo mwaka 1898. Al-Manar lilisomwa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah, akawahimiza Waislamu wa Pwani washike dini yao na wasikimbie elimu mpya. Hivyo tunaposhauriana juu ya jambo hili hatuigi watu wa nje. Tunaendeleza mazungumzo ya masheikh wetu.

Na leo wanasemaje? Hawakubaliani. Mwanafalsafa Seyyed Hossein Nasr anaikataa nadharia nzima. Sheikh Nuh Ha Mim Keller aliandika mwaka 1995 kwamba kusema wanyama wamegeuka kutoka aina moja hadi nyingine hakumtoi mtu katika Uislamu, maadamu anaitakidi kwamba Mungu ndiye mtendaji. Lakini Adam, asema, haingii humo. David Solomon Jalajel ameshika njia ya kusita, iitwayo tawaqquf. Adam aliumbwa kwa muujiza kama yalivyosema maandiko, lakini maandiko hayakusema kama kulikuwako viumbe wengine wenye sura ya binadamu au la, na pasipo na andiko mtu asitoe hukumu. Mnajimu wa Algeria, Nidhal Guessoum, anaona kwamba hata asili ya mwanadamu yaweza kueleweka kwa njia ya mageuko bila ya kuacha imani.

Msomaji atachagua kwa elimu yake na kwa kuwauliza wajuzi. Mwandishi anaona kwamba njia ya kusita inawafaa wengi wetu. Haimlazimishi mtu kuukana muujiza wa Adam, wala haimlazimishi kusema kwamba mifupa iliyofukuliwa ni ya uongo. Tena inatukumbusha adabu. Katika Sura ya Al-Kahf Mungu amesema kwamba hakuwashuhudisha uumbaji wa mbingu na ardhi, wala uumbaji wa nafsi zao. Hatukuwapo. Na katika Al-Ankabut ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanza kuumba. Aya moja yatufunza unyenyekevu, na nyingine yatutuma kazi.

Tusisahau pia kisa cha wana wa Adam. Katika Sura ya Al-Maida, muuaji hakujua la kufanya na mwili wa nduguye mpaka Mungu alipomleta kunguru akaparapara ardhi. Kwa mujibu wa kisa hicho, kuzika ni jambo ambalo mwanadamu alifunzwa. Waliochimba Panga ya Saidi waliweza kupima kina cha shimo na umri wa udongo. Kwa nini mtu wa zamani hizo aliona kwamba mwili wa mtoto haufai kuachwa wazi, hilo halipimwi kwa kifaa chochote. Hapo ndipo mwalimu wa skuli anapoweza kumpisha mwalimu wa chuo aseme.

Basi ushauri kwa wazazi ni huu. Mtoto akija na swali la mageuko, asikemewe wala asiitwe kafiri. Aulizwe amefundishwa nini hasa, kisha atengewe yale mambo matatu: lililoonekana kwa macho, lililokisiwa kwa hoja, na lililoongezwa kwa itikadi ya msemaji. Na walimu wa vyuo vyetu wajifunze somo hilo kabla ya kulijibu, kwa sababu asiyejua swali hawezi kutoa jibu. Mtoto aliyejibiwa kwa hoja ataingia chumba cha mtihani na msikitini kwa moyo mmoja.