Maji ya mgodini na kisima chako: anza kupima sasa

Wakulima wenzangu wa Ngara na Biharamulo! Hapa kwetu kuna nikeli Kabanga na dhahabu Tulawaka, kwa hiyo hili linatuhusu.

Shimo la mgodi likipita usawa wa maji ya ardhini, maji yanaingia yenyewe, kama kisimani. Vuli na masika yanaongezeka, ila kwa kuchelewa, maana yanapenya taratibu kwenye nyufa za miamba. Ndiyo maana pampu zinaendelea hata mvua ikikatika. Zikivuta sana, visima vya jirani vinaweza kushuka. Na bwawa la kuhifadhia maji lisipopunguzwa kiangazi, masika linaweza kufurika bondeni.

Fanya hivi:

1. Kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajachota, shusha kamba yenye jiwe, pima maji yako umbali gani kutoka mdomo wa kisima. Andika daftarini, na siku za mvua pia.
2. Usinyweshe mifugo maji ya bwawa la mabaki. Ya dhahabu yanaweza kuwa na sayanaidi.
3. Mvua nzuri lakini kisima kinashuka? Peleka daftari ofisi ya kijiji, kisha Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria. Sheria ya maji ya 2009 inadai kibali cha kuvuta na cha kutiririsha.

Malalamiko bila vipimo hayaendi mbali.