Mwuaji Aliye Ndani ya Nyumba: Kwa Nini Riwaya za Taharuki Hupendwa?

Wako wasomaji ambao wakiishika riwaya ya mauaji hawaiweki chini mpaka wajue mwisho wake, hata kama umeme umekatika na mshumaa umebaki kimo cha kidole. Mtoto ataita mara tatu bila kuitikiwa, na mwenye nyumba atalala peke yake huku mwenzake akiwa sebuleni anageuza kurasa. Walio kando huwashangaa. Ya nini mtu mwenye akili timamu, aliyeshinda kutwa katika taabu za kutafuta riziki, ajitafutie hofu nyingine usiku, tena kwa fedha zake mwenyewe?

Swali hilo lina uzito zaidi likiulizwa Bujumbura kuliko likiulizwa London au Paris. Mji huu umeonja hofu ya kweli. Wazee wake wanaukumbuka mwaka 1972. Walio makamo wanaikumbuka vita iliyoanza mwaka 1993. Na amri ya kutotembea usiku, ambayo watoto wengi walizaliwa wakaikuta na kukua nayo, haikuondolewa mpaka mwezi Aprili 2006. Mtu aliyepata kulala sakafuni kwa kukwepa risasi hahitaji kitabu cha kumfundisha jinsi moyo unavyodunda. Basi anatafuta nini katika kurasa hizo?

Yafaa kwanza kutenganisha vitabu vya namna mbili ambavyo aghalabu hutiwa katika kapu moja. Namna ya kwanza ni ile ya mbio na bastola. Shujaa ni jasusi au mpelelezi hodari, adui anajulikana tangu mwanzo, na kazi ya msomaji ni kukimbia nyuma yao mpaka mwisho. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza kutamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, ni wa kundi hilo. Wafaransa nao walikuwa na mfululizo wa SAS wa Gérard de Villiers, na mmoja wa vitabu hivyo vya miaka ya 1960, SAS broie du noir, uliletwa mpaka Burundi. Katika vitabu vya aina hiyo nchi za watu hugeuka kuwa pazia la nyuma ya jukwaa: jasusi hupita, hupiga risasi, hupanda ndege akaondoka. Vinachangamsha, lakini havimkeshi mtu baada ya taa kuzimwa.

Namna ya pili ndiyo inayohusika hapa. Humo bastola ni chache na pengine hazimo kabisa. Jambo linalotendeka linatendeka ndani ya moyo wa mtu, na mahali pake mara nyingi ni nyumbani: jikoni, chumbani, mezani pa chakula. Waandishi wawili wa Kifaransa, Pierre Boileau na Thomas Narcejac, walioandika pamoja, waliiita kazi yao riwaya ya mhanga. Walichoka na mpelelezi anayeingia baada ya maiti kupatikana. Walitaka msomaji akae ndani ya yule anayetishwa. Katika Celle qui n'était plus, iliyotoka mwaka 1952, mchuuzi mmoja mwenye kusafirisafiri anashirikiana na hawara wake, ambaye ni daktari, kumzamisha mkewe katika hodhi la kuogea ili wapate fedha za bima. Baadaye maiti inatoweka, na barua zenye mwandiko wa marehemu zinaanza kufika nyumbani. Tangu hapo hakuna mtu anayemkimbiza mchuuzi yule ila nafsi yake. Mwisho wa kisa si haki kuufichua hapa, kwa ajili ya wale ambao hawajakisoma wala kuiona filamu ya Clouzot ya mwaka 1955 iliyotokana nacho.

BOMU CHINI YA MEZA

Jinsi taharuki inavyofanya kazi imeelezwa vizuri na mwongoza filamu Alfred Hitchcock, ambaye naye alichukua riwaya nyingine ya mabwana hao wawili akaitengenezea filamu ya Vertigo mwaka 1958. Alitoa mfano wa watu waliokaa mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Bomu likilipuka ghafula, watazamaji hushtuka kwa nukta chache, kisha basi. Lakini wakionyeshwa bomu mapema chini ya meza, na wale wazungumzaji hawana habari, mazungumzo yale yale ya ovyo huwa mateso ya robo saa nzima. Kila neno linakuwa na uzito. Mtazamaji anatamani kupiga kelele: ondokeni!

Kila mwanamke aliyepata kumpokea mgeni asiyemwamini anaijua hali hiyo. Anamwandalia chai, anamtazama mikono, anatabasamu. Hodari wa riwaya hizi huliteka jambo hilo dogo na kulirefusha kurasa mia mbili. Waswahili walikwisha kulisema kwa maneno matatu tu: kikulacho ki nguoni. Jambazi wa barabarani anatisha, lakini mtu hufunga mlango. Yule ambaye tayari yumo ndani, aliyekula katika sahani za nyumba na kuyajua majina ya watoto, huyo mlango hauwezi kumzuia. Wakazi wa Bujumbura, ambao katika miaka mibaya walilazimika kujiuliza juu ya jirani waliyeazimana naye chumvi, hawana haja ya kufafanuliwa zaidi.

KIKO NA KALAMU

Kwa wanaosoma Kiswahili, na katika mitaa ya Buyenzi na Bwiza wamekuwapo tangu mji ulipoitwa Usumbura, mlango wa hadithi hizi ulifunguliwa Unguja. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la uandishi la miaka ya 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka mwaka 1960, na Bwana Msa akaingia duniani na kiko chake mdomoni pamoja na rafiki yake Najum. Wengi hufananisha kiko kile na cha Sherlock Holmes, na sawa. Lakini kinafanana pia na kiko cha Inspekta Maigret, aliyebuniwa na Georges Simenon, Mbelgiji wa mji wa Liège. Maigret hapimi nyayo sana. Huingia nyumba ya mkasa, huketi, huvuta hewa yake, husikiliza jinsi mke na mume wanavyojibizana, mpaka aelewe ilikuwaje mtu wa kawaida akafika pa kuua. Bwana Msa naye hukataa kubabaishwa na majina ya mizimu. Pale ambapo watu wote wanaona kazi ya mashetani, yeye huuliza ni nani aliyenufaika.

Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, na katika mkoa wa Kigoma akazaliwa Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, aliyefariki mwaka 2008. Vitabu vya Mtobwa vimejaa mbio za namna ya kwanza, ila alikuwa na kipaji cha kuchungulia upande wa pili. Kimoja kinaitwa Najisikia Kuua Tena. Lizingatiwe jina hilo tu. Halisemi kwamba kuna mtu ameua. Linamweka msomaji katika kifua cha mwuaji kabla hajafunua ukurasa wa kwanza, na neno la mwisho ndilo linalotia ubaridi.

Hata hivyo kitabu cha Kiswahili kilichoingia ndani kabisa hakiuzwi kama riwaya ya upelelezi. Nacho ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1974. Kazimoto, kijana msomi, anasimulia mwenyewe jinsi chuki yake kwa Manase, aliyemharibia dada yake, inavyomkalia moyoni na kumwongoza. Hakuna polisi wa kumfuata, hakuna kitendawili cha nani alifanya. Kila kitu kimo wazi, na bado msomaji anasoma kwa woga, maana anamwona mtu mwenye akili akijijengea shimo kwa hoja moja nzuri baada ya nyingine. Kwa taharuki, kitabu hicho kinawashinda majasusi wote waliotajwa juu.

MTU ASIYEWEZA KUJITETEA

Warundi wenyewe wameandika. Mwaka 2012 Roland Rugero alitoa Baho!, riwaya fupi ya Kifaransa yenye jina la Kirundi. Nyamuragi, kijana bubu, anamwendea msichana njiani kumwuliza kwa ishara mahali pa kujisaidia. Msichana anadhani anataka kumnajisi, anapiga yowe, na kijiji kinakusanyika. Tangu mwanzo msomaji anajua kwamba mtu huyu hana hatia. Kundi halijui, naye hana sauti ya kuliambia. Hilo ndilo bomu la Hitchcock, ila limewekwa katika vilima vya Burundi, na mikononi mwa watu wanaojiona wema.

Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982, hakuandika riwaya ya uhalifu alipotoa Petit pays mwaka 2016. Lakini humo mna mtoto, Gabriel, anayesukumwa na wenzake mpaka mkono wake unatenda jambo ambalo moyo wake unalikataa. Mna pia jirani Mgiriki, mwanamke anayemwazima vitabu wakati mji unawaka nje. Mtoto yule anasoma ili apate mahali pa kusimama.

Hapo pengine ndipo jibu linapopatikana. Maisha hayana desturi ya kueleza. Prince Louis Rwagasore alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961 akiwa mezani katika hoteli ya Tanganyika, hapa hapa mjini. Aliyefyatua, Mgiriki Jean Kageorgis, alikamatwa na kuuawa tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, na wengine wakauawa kwa hukumu mwaka uliofuata. Mkono ulijulikana. Nani walioujua mpango na kunyamaza, na kwa nini, bado kunaandikiwa vitabu: mwanahistoria Mbelgiji Ludo De Witte alitoa chake mwaka 2021, miaka sitini baadaye. Na hiyo ni kesi ya mwana wa mfalme. Nyumba nyingi zina marehemu wao ambao hakuna hakimu aliyewahi kuwaulizia. Riwaya, kwa faranga chache, humpa mtu kile ambacho mahakama haikumpa: sababu, hatua kwa hatua, na ukurasa wa mwisho.

Wazazi wengi huogopa kwamba kijana akisoma mambo hayo ataiga. Hofu hiyo si ngeni. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilipata kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, na leo inasomwa kwa heshima. La kuangaliwa zaidi ni msomaji mwenyewe. Kwa mtu ambaye majeraha yake bado mabichi, kitabu kinachoeleza damu kwa undani kinaweza kumrudisha asikotaka kwenda. Akikiweka chini, asichekwe wala asishurutishwe kukimaliza. Vijana wanaojifunza Kiswahili darasani tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 wanaweza kuanza na Bwana Msa, ambaye lugha yake ni safi na ana mzaha mwingi. Kichwamaji kingoje miaka michache. Na kinapofika wakati wake, ni vema mzazi akisome yeye kwanza, kisha waketi pamoja, maana Kazimoto anauliza maswali ambayo kijana wa miaka kumi na minane hapaswi kuachwa nayo peke yake usiku.