Bwana akitoka kupasuliwa ngiri

Mama, kidonda cha inje kinafunga mbele ya kile cha ndani. Unaona ngozi imeshikana, bwana anasema amepona, anataka kubeba mfuko wa makala mpaka soko ya Bunia. Umkatalie! Nyama za tumbo zinahitaji karibu majuma 6 kupata nguvu. Akinyanyua kitu kizito mapema, ngiri inaweza kurudi. Ndugu zake watasema unamkalisha kama mtoto. Basi uwaombe wao wabebe.

Lakini asilale siku nzima, atembee kidogo kidogo. Akikohoa, ashike kidonda kwa mkono. Umpe maharagi, mapapai na maji mengi, asijikaze chooni. Usipake majivu wala majani. Usaha ukitoka, ao homa ikipanda, ao akitapika na tumbo kuvimba, umrudishe hospitali siku ile ile.