Mzingo wa Duara na Unywele wa Farasi

Mtu aendaye kwa fundi bati kuagiza kopo la kupimia nafaka, ambalo kitako chake kina nusukipenyo cha sentimita 7, hatamwona akifungua kitabu wala kuandika hesabu. Atamwona akizungusha bikari juu ya bati, akikata duara la kitako, kisha bila ya kusita akipima ubavu wa sentimita 44, na kuuongezea upana wa kidole wa kukunjia mshono. Nilipomwuliza mmoja wao zile 44 amezitoa wapi, alinijibu: "Saba mara mbili, kumi na nne, na kila saba ya kipenyo huzaa ishirini na mbili za mzingo, bwana, ndivyo alivyonifunza marehemu baba."

Urithi huo ni mkongwe kuliko marehemu. Katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, Archimedes wa Syracuse alilibana duara baina ya maumbo mawili yenye pande 96, moja ndani na jingine nje, hata akathibitisha ya kuwa mzingo haufikii mara 22/7 ya kipenyo, wala haushuki hadi mara 223/71. Basi 22/7 huzidi haki kidogo (jambo ambalo walimu, kwa haraka ya kumaliza masomo, aghalabu hawatuambii), na katika kopo letu ziada yenyewe haifiki moja ya tano ya milimita. Fundi alicheka. "Bati likizidi nitalikunja, lingepungua ningelitoa wapi?"

Lakini mwanafalaki hana mahali pa kukunjia. Jamshid al-Kashi, mzaliwa wa Kashan katika Uajemi, aliyekuwa Samarkand chini ya Ulugh Beg, mjukuu wa Timur, alimaliza mwaka 1424 risala yake juu ya mzingo, al-Risala al-Muhitiyya, iliyopewa jina kwa neno lile lile la muhiti ambalo sisi tumelizoea kwa bahari kuu. Sharti alilojiwekea lilikuwa zito: ulimwengu ukikadiriwa kuwa na kipenyo mara 600,000 ya kile cha dunia, kosa katika mzingo wake lisizidi unene wa unywele wa farasi. Akashika umbo lenye pande 805,306,368, akatoa kipeuo baada ya kipeuo kwa hesabu za sitini-sitini zilizokuwa ada ya wanafalaki, hata akapata ya kwamba mzingo ni nusukipenyo mara 6.2831853071795865. Alianzia kwenye nusukipenyo, si kwenye kipenyo, na kwa maoni yangu alikuwa na haki, kwani bikari haifunguliwi kwa kipimo kingine. Hakupatikana wa kumpita hata 1596, Ludolph van Ceulen alipochapisha tarakimu 20.

Nilipofika hapo, fundi alikuwa amekwisha kuuzungusha ubavu juu ya kitako, ukakaa sawasawa, naye ameshika lehemu mkononi.

"Unywele huo," akauliza bila ya kuinua macho, "wa shingoni au wa mkiani?"